Mswaki, dawa na uzi wa meno ya watoto wadogo: kipi kinunuliwe kwanza Mtwara na Lindi

Mzazi anayeingia katika duka la dawa mjini Mtwara au Lindi akitafuta mswaki wa mtoto wa miaka 2 hupokewa na picha za simba na wanasesere, mipini inayowaka taa, na dawa ya meno ya rangi ya waridi inayonukia stroberi. Vyote hivyo vimetengenezwa ili vimpendeze mtoto, ilhali mtoto wa umri huo siye anayepiga mswaki. Mkono unaofanya kazi ni wa mama, wa baba, wa dada mkubwa au wa bibi, na utaendelea na kazi hiyo hadi mtoto atimize miaka 7 au 8, wakati vidole vyake vimekwisha kutulia kwenye kalamu na vinaweza kuufikisha mswaki kwenye gego la mwisho. Kwa hiyo bidhaa zote katika mwongozo huu zimepangwa kwa kuulizwa maswali mawili: je, kifaa kinausaidia mkono wa mtu mzima kufika pale meno ya watoto yanapoanzia kuoza, na je, kinaacha chochote cha kulilinda jino baada ya mtoto kwenda kulala?

Kwa mzazi anayenunua kitu kimoja kimoja kadiri fedha zinavyopatikana, jibu langu ni hili: kwanza dawa ya meno yenye floridi, pili mswaki mdogo wenye nywele laini, tatu uzi wa meno pindi magego yanapogusana. Wapo watakaoshangaa kuona dawa ikitangulia mswaki. Sababu ni kwamba mswaki huondoa ukoga, lakini ukoga hurudi ndani ya saa chache, na kinachobaki kikilipigania jino usiku kucha ni floridi iliyoachwa na dawa. Mswaki mzuri bila dawa hiyo ni ufagio tu, na dawa hiyo ikipakwa kwa mswaki wa bei ndogo kabisa, mradi ni laini, bado itafanya kazi yake.

Swali ambalo wauzaji wenyewe huuliza kwa utani, yaani kwa nini mtu atumie fedha kwa meno yatakayong'oka, linastahili jibu la hesabu. Meno ya utoto ni 20. La kwanza huchomoza kwa kawaida mtoto akikaribia miezi 6, na yote huwa yametimia anapofikia miaka 3 hivi. Ya mbele huanza kung'oka kwenye miaka 6, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka 10, 11 au 12, na katika muda wote huo ndiyo yanayotafuna, na ndiyo yanayoshikilia nafasi ya meno ya kudumu yanayosubiri chini yake. Gamba la nje la meno haya ni jembamba kuliko la meno ya ukubwani, hivyo tundu likishaanza hufika kwenye mshipa upesi. Zaidi ya hayo, mtoto akifikia miaka 6 hivi huota gego la kudumu nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto na kuliacha lioze.

Kabla ya kufika kwenye bidhaa, ipo huduma moja ambayo haistahili hata shilingi. Katika sehemu nyingi za nchi yetu ipo imani ya "meno ya plastiki", yaani uvimbe mweupe unaoonekana kwenye fizi za mtoto mchanga mwenye homa au anayeharisha, ambao hulipiwa ili ukatwe au ukwanguliwe. Uvimbe huo ni jino la utoto ambalo bado ni changa ndani ya fizi. Kuukata huleta damu na maambukizi, huweza kuharibu jino la kudumu linalofuata, na wapo watoto waliopoteza maisha kwa sababu hiyo. Homa na kuhara vipelekwe kituo cha afya.

Dawa ya meno: soma namba iliyo nyuma ya boksi

Nafasi ya kwanza naipa dawa ya kawaida ya familia, ile ile wanayotumia baba na mama, mradi iwe na floridi kati ya 1000 na 1500 ppm. Kipimo hicho ndicho Shirika la Afya Duniani lilichokiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Maana yake ni rahisi: ppm 1000 ni sawa na miligramu 1 ya floridi katika kila gramu 1 ya dawa. Kwenye boksi tafuta neno Fluoride, na iwapo namba ya ppm haikuandikwa, tafuta asilimia. Sodium fluoride ya asilimia 0.22 ni sawa na ppm 1000, na ya asilimia 0.32 ni sawa na ppm 1450; sodium monofluorophosphate ya asilimia 0.76 nayo ni ppm 1000. Jina la kampuni halitoshi kuwa kigezo. Whitedent inayotengenezwa Dar es Salaam na Colgate ndizo zinazoonekana zaidi hata katika maduka madogo ya vijijini, lakini kampuni moja huweza kuuza aina yenye floridi na nyingine isiyo nayo, kwa rangi zinazokaribiana, hivyo kila boksi lisomwe upya.

Dawa ya watu wazima kwa mtoto mchanga huwatia wazazi wasiwasi, na wasiwasi huo unamalizwa na kiasi kinachowekwa kwenye mswaki. Tangu jino la kwanza hadi miaka 3, weka kiasi cha punje moja ya mchele, yaani takriban gramu 0.1. Kuanzia miaka 3 hadi 6, vipeperushi vingi huandika punje ya njegere. Kwa sisi watu wa Kusini, punje ya mbaazi ni kipimo kinachotosha kabisa na kila jiko linacho. Hiyo ni takriban gramu 0.25. Picha za matangazo, zinazoonyesha dawa iliyolazwa kutoka ncha hadi ncha ya mswaki kama mgongo wa wimbi, zimechorwa na anayeuza dawa.

Wapo pia wanaoikwepa floridi kwa sababu wamewaona ndugu kutoka Arusha, Kilimanjaro au Manyara wenye meno ya kahawia. Ni kweli kwamba madoa hayo husababishwa na floridi, lakini ni floridi ya maji ya kunywa, ambayo katika maeneo ya Bonde la Ufa na ya milima ya volkano huzidi mara kadhaa kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto huinywa kila siku wakati meno yake ya kudumu yanatengenezwa ndani ya taya. Mikoa yetu ya pwani ya Kusini haimo katika maeneo yanayojulikana kwa tatizo hilo. Punje ya mchele asubuhi na jioni, hata mtoto akiimeza yote, ni miligramu 0.2 hadi 0.3 tu kwa siku.

Nafasi ya pili ni dawa ya watoto yenye ppm 1000 au zaidi. Kwa kazi yake inalingana na ya kwanza, na kwa mtoto anayelia kwamba dawa ya mnanaa "inawasha" ndiyo itakayookoa usiku wenu. Nimeishusha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bei, kwani kwa kawaida gramu moja ya dawa ya mtoto hugharimu zaidi ya gramu moja ya dawa ya familia, na familia hulazimika kununua tyubu mbili badala ya moja. Ya pili ni ladha yenyewe. Dawa inayonukia kama pipi hulambwa kama pipi, na hapo hesabu inabadilika: tyubu ya gramu 50 yenye ppm 1450 ina takriban miligramu 72 za floridi, wakati miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto ndicho kiwango kinachohesabiwa kuwa cha hatari inayohitaji hospitali mara moja. Kwa mtoto wa kilo 10 kiwango hicho ni miligramu 50. Anayenunua dawa tamu anunue pia msumari wa kuitundikia juu.

Nafasi ya tatu, kwa umbali mkubwa, ni dawa za watoto zenye floridi ya ppm 500 au pungufu, na zile zinazojisifu kwamba hazina floridi kabisa na kwa hiyo ni salama kumezwa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2010 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, hayakukuta kwamba dawa za ppm 440 hadi 550 zinazuia kuoza kwa meno kwa kiwango kinachoaminika kuliko dawa isiyo na floridi. Mzazi anayelipa zaidi kwa ajili ya tyubu hizo hununua harufu. Dawa za mitishamba, za mwarobaini, karafuu au mshubiri, zihukumiwe kwa kanuni hiyo hiyo: ikiwa nyuma ya boksi kuna floridi ya kutosha, dawa hiyo hupanda hadi nafasi ya kwanza bila ubishi, ikiwa hakuna, hubaki hapa.

Mkaa wa kusaga, majivu, chumvi ya mawe, na magadi yaliyochanganywa na limau ni vya mwisho kabisa. Mkaa na majivu hukwangua gamba ambalo tumeona ni jembamba, na limau huliyeyusha. Najua wazee wetu wa Mikindani na Kilwa Kivinje walikuwa na meno meupe hadi uzeeni, lakini wazee hao hawakulelewa kwa juisi za pakiti, biskuti na ubuyu uliopakwa sukari.

Jambo moja la matumizi linahusu mfuko pia. Baada ya kupiga mswaki mtoto ateme povu, wala asisukutue kwa maji, ili floridi ibaki kinywani. Kwa familia za Newala na Tandahimba zinazonunua maji kwa ndoo, agizo hili huenda likapokelewa kwa furaha zaidi kuliko mengine yote.

Mswaki: kichwa kwa kinywa cha mtoto, mpini kwa mkono wako

Mswaki ninaouweka wa kwanza una kichwa kidogo kisichozidi upana wa meno mawili ya mtoto, nywele laini zenye ncha za mviringo, na mpini mrefu ulionyooka. Kwenye pakiti tafuta neno Soft au Extra Soft pamoja na umri. Ikiwa pakiti imefunguliwa, ambalo nalo ni jambo la kumfanya mnunuzi auache, zisugue nywele zake kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono wako. Ukichomwa wewe, fizi ya mtoto itachubuka. Mpini ndio unaosahaulika. Miswaki mingi ya watoto ina mpini mfupi na mnene uliofanywa kwa ngumi ya mtoto, na mtu mzima akiushika, vidole vyake huziba kinywa chote na asione anachokisugua. Mtoto akiung'ang'ania mswaki wa simba, mnunulie aushike yeye na kuutafuna apendavyo, na wewe uwe na wako mrefu unaofanya kazi. Hiyo ndiyo njia pekee iliyoleta amani nyumbani kwetu, na gharama ya mswaki wa pili ilikuwa ndogo kuliko ya vita vya kila jioni.

Umuhimu wa mpini mrefu huonekana vizuri zaidi katika mkao. Mlaze mtoto mkekani, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja yako na uso wake ukitazama juu, kisha mwangazie kwa taa ya simu au umkabidhi nduguye taa hiyo aishike. Kutoka hapo juu unayaona magego yote, na unaweza kuinua mdomo wa juu kwa kidole na kusugua pale jino linapokutana na fizi, ambako madoa meupe ya mwanzo wa kuoza hutokea. Kazi nzima inahitaji dakika 2, mara mbili kwa siku, na mara ya jioni isikosekane kamwe, kwa kuwa mate hupungua usingizini na sukari iliyobaki hukaa juu ya jino hadi alfajiri.

Wa pili ni mswaki laini wa mtu mzima wenye kichwa kidogo. Kwa mtoto wa miaka 4 na kuendelea huu hufaa karibu sawa na wa kwanza, na katika maduka ya Liwale au Nanyumbu, ambako miswaki ya watoto huja na kwisha, huenda ndio utakaoupata. Wenye nywele za wastani au ngumu usinunuliwe kwa ajili ya mtoto hata ukiwa ndio pekee uliobaki rafuni.

Mswaki wa kidole, ule wa mpira laini unaovaliwa kama kofia kwenye ncha ya kidole, naupa nafasi ya tatu kwa sababu una msimu mfupi. Unafaa tangu jino la kwanza hadi mtoto akaribiapo mwaka 1, na kitambaa safi kilicholowanishwa hufanya kazi inayokaribia hiyo bila gharama. Magego yakishaanza kuota, vinundu vyake vya mpira haviingii katika mifereji ya juu ya gego, na mtoto mwenye magego huweza kukuuma ukajuta.

Mswaki wa betri huondoa ukoga vizuri, na kwa mtoto anayependa mtetemo wake huweza kuwa msaada wa kweli. Naushusha hadi nafasi ya nne kwa sababu ya huku tuliko: kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama anauza pia vichwa vyake vya kubadilishia. Jibu likiwa ni kwamba vitaagizwa Dar es Salaam, basi baada ya miezi 3 utabaki na mpini unaonguruma na nywele zilizolala. Wenye kuchajiwa una nafuu kuliko wa betri za kawaida, lakini tatizo la vichwa ni lile lile.

Kijiti cha mti wa mswaki, ambacho ndicho kilichokipa kifaa hiki jina lake katika Kiswahili, nakiheshimu, na wengi wetu tutaendelea kukitumia hasa mwezi wa Ramadhani. Kwa mtu mzima anayejua kukitafuna na kukielekeza, hufanya kazi nzuri. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6 sikishauri kama kifaa kikuu: nyuzi zake hukatika na kubaki kwenye fizi, ncha yake haigeuki kuelekea nyuma ya magego, na mtoto anayekimbia na kijiti kinywani ni ajali inayongoja.

Mswaki wa umbo la herufi U, unaotangazwa mitandaoni kwamba mtoto anauuma na meno yote yanasafishika kwa sekunde chache, ni wa mwisho. Nywele zake za mpira hazilingani na kinywa cha kila mtoto, hazifiki ukingoni mwa fizi, na humfanya mzazi aamini kwamba kazi imekwisha wakati haijaanza. Kosa langu mimi lilikuwa la namna nyingine. Niliwahi kununua kwenye gulio miswaki mitatu iliyofungwa pamoja kwa bei iliyonifurahisha, na kabla ya wiki kwisha nywele zilikuwa zinanyofoka. Moja ilijichomeka kwenye fizi ya mwanangu nikaitoa kwa kibano huku tukilia wote wawili. Tangu siku hiyo huvuta nywele za mswaki kwa kucha kabla mtoto hajauona.

Uzi wa meno: kifaa kinachodharauliwa na kinachohitaji mkono wako zaidi

Watu wengi hufikiri uzi ni anasa ya wazungu au dawa ya mtu mzima aliyekula nyama. Kwa watoto sababu yake ni umbo la magego. Meno ya mbele ya utoto mara nyingi yana mapengo kati yake, na mswaki unapita. Magego mawili ya kila upande, kinyume chake, hugusana kwa eneo pana na bapa, na hapo nywele za mswaki hazifiki hata zikiwa laini namna gani. Mtoto wangu wa pili alipigiwa mswaki kila siku bila kukosa, na bado tundu lilifunguka kati ya magego yake ya chini. Kwa nje palikuwa pazima hadi siku alipotafuna kashata na ukingo ukavunjika.

Wakati wa kuanza hautegemei umri bali mguso. Mwangazie mtoto taa kinywani: kama unaona mwanga kati ya gego na gego, fedha zako zibaki mfukoni, kama magego yamebanana, ambayo mara nyingi hutokea kati ya miaka 2 na 3, anza. Mara 1 kwa siku, jioni kabla ya mswaki, inatosha.

Ushahidi wa uzi hauna nguvu kama wa floridi, na mnunuzi ana haki ya kulijua hilo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikuta kwamba watoto waliopitishiwa uzi na wataalamu kila siku ya shule kwa takriban mwaka 1 na miezi 8 walipungukiwa na hatari ya kuoza kati ya meno kwa asilimia 40, wakati kupitishiwa mara moja kila miezi 3 hakukusaidia, na vijana waliojipitishia wenyewe hawakuonyesha faida. Mimi nayasoma matokeo hayo kama mzazi: uzi hufanya kazi ukishikwa na mkono unaojua, na ukishikwa kila siku.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa uzi wenye kishikio, ule wa plastiki wenye umbo kama la manati ndogo na uzi uliotandwa katikati ya pembe zake mbili. Unatumia mkono mmoja tu, na mkono wa pili unabaki huru kushikilia kidevu au kuinua shavu. Chagua wenye kichwa kidogo cha watoto. Ushushe uzi polepole ukiuvuta mbele na nyuma kama msumeno, uukumbatishe kwenye ubavu wa gego moja kisha wa jirani yake, halafu uutoe. Ukiusukuma kwa nguvu utakata fizi na mtoto hatakubali tena mwaka mzima. Magego ya utoto yana migusano minne tu ya kushughulikia, mmoja kila upande juu na chini, hivyo kishikio kimoja kinamaliza kinywa kizima cha mtoto mmoja kwa jioni moja, kisha kitupwe. Kasoro yake ni kwamba pakiti huisha upesi na kuacha plastiki, nami nimeviona vishikio hivyo ufukweni pamoja na vifuniko vya chupa.

Uzi wa kuviringishwa, unaouzwa katika kijaluba chenye kijembe cha kukatia, ni wa pili kwa urahisi wa kutumia lakini wa kwanza kwa bei. Kijaluba kimoja chenye mita 50, ukikata sentimita 40 kila jioni, hufikisha siku 125. Chukua wenye nta, kwani huteleza kwenye magego yaliyobanana bila kuchanika. Unahitaji vidole viwili ndani ya kinywa cha mtoto, kwa hiyo humfaa zaidi mtoto wa miaka 4 au 5 aliyekwisha kuzoea. Nyumba yenye watoto watatu au wanne, na nyumba za namna hiyo huku kwetu si chache, itapata nafuu kubwa kuanza kwa pakiti moja ya vishikio ili mtoto azoee, kisha kuhamia kwenye kijaluba.

Uzi wa cherehani hukatika na kuacha nyuzi kwenye fizi, vijiti vya kuchokolea meno hutoboa, na pini sitaki hata kuisikia.

Pa kununua, na lini

Dawa na mswaki havisumbui kupatikana. Uzi ndio utakaokutembeza: katika miji ya Mtwara, Lindi na Masasi anza na maduka makubwa ya dawa, kisha maduka ya kujihudumia, duka la dawa muhimu la kijijini mara nyingi halina, lakini mwenye duka akiombwa na wateja wawili watatu huweza kuongeza katika mzigo wake unaofuata. Ukiwa na safari ya Dar es Salaam au ndugu anayerudi kwa basi, uzi ni mwepesi na hauharibiki kwa joto. Dawa ya meno ni kinyume chake. Usiinunue kwenye meza ya gulio iliyokaa juani tangu asubuhi, na popote unapoinunua angalia alama ya TBS, tarehe ya mwisho wa matumizi, na muhuri wa mdomo wa tyubu.

Mswaki hubadilishwa kila baada ya miezi 3, au mapema zaidi nywele zikitawanyika, na watoto wadogo hutafuna miswaki yao kiasi kwamba miezi 3 mara nyingi haifiki. Kila mtoto awe na wake, uliofungwa uzi wa rangi yake, na usimame wima mahali penye hewa. Kifuniko cha plastiki, katika unyevunyevu wa pwani yetu, huotesha uvundo. Kwa nyumba zinazopata fedha zake nyingi kwa wakati mmoja, yaani wakati wa mauzo ya korosho kuanzia Oktoba, miswaki 4 na vijaluba 3 vya uzi kwa kila mtoto vinaweza kununuliwa mara moja kwa mwaka mzima na kuwekwa sandukuni. Dawa inunuliwe kidogo kidogo: mtoto wa miaka 2 na nduguye wa miaka 5, wakiwekewa punje ya mchele na punje ya mbaazi mara mbili kwa siku, hutumia gramu 0.7 kwa siku kwa pamoja, hivyo tyubu ya gramu 100 huwatosha wawili hao kwa siku 140 hivi, ikiwa hakuna mtu mzima anayeiminya pamoja nao.